Kiwiko cha Mwakanga

Mnyooshi alikuwa akila mwamba tangu alfajiri, na hakutema hata punje.

Msidhani alikuwa na mdomo mmoja. Alikuwa na midomo mia mbili na arobaini, kila mmoja mdogo kama kikombe cha kahawa, ikitafuna kwa zamu, hata aliyesimama karibu hakusikia kishindo. Alisikia mchakacho tu, kama kundi la mbuzi kwenye maganda ya muhogo. Mbele aliulamba udongo, tumboni akauoka kwa moto usioonekana, na nyuma akautoa umekuwa ukuta mweusi, laini, ulionyooka kama uzi wa fundi. Kazi ambayo zamani iliwachukua watu mia moja mwaka mzima, yeye aliimaliza kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Dereva hakuwa naye. Alikuwa na akili mnemba, na akili hiyo ilikuwa na sauti ya upole, sauti ya mtu aliyelala akashiba usingizi.

Kazi aliyotumwa ilikuwa moja: kunyoosha. Jiji la Dar es Salaam lilikuwa limepata treni-elea, treni isiyogusa reli, inayobebwa na sumaku upana wa kiganja juu ya njia yake. Kasi yake ilikuwa hivi: ukipiga chafya Pugu, wa kukuombea afya unamkuta Ruvu. Lakini treni-elea ina ugonjwa wake. Haipendi kona. Ikiingia kwenye kona kwa mbio zile, abiria wanabandikwa ukutani kama chapati kikaangoni. Basi kona zote za njia ya zamani ya chini kwa chini zilihukumiwa. Zilikuwa saba. Sita zilikwisha liwa. Ya saba ilikuwa ndani ya kituo cha Mwakanga, chini ya vilima vya Pugu, na asubuhi hiyo ya Alhamisi, kwenye kona yenyewe, palikuwa na mwanamke wa miaka sitini na sita anakandika ukuta.

Jina lake Mwamvita binti Kondo Pazi. Mbele yake palikuwa na beseni la udongo mweupe wa Pugu, na mikono yake ilikuwa myeupe mpaka kwenye viwiko. Alichota, akabandika, akasugua kwa kiganja, akachota tena.

Ukitaka kujua kwa nini kituo kizima kilikandikwa kwa mikono ilhali roboti zimejaa mjini, sikiliza. Mwakanga ilichimbwa miaka sitini nyuma, vilima vilipokuwa vimejaa nyumba na njia ya juu haikupata pa kupita. Ngazi mia moja na themanini kwenda chini. Huko chini kuna mbavu ishirini na nne za zege, zimepinda kutoka ukuta huu kwenda ukuta ule, ukisimama katikati unajiona uko tumboni mwa mnyama mkubwa ambaye hana nia mbaya na wewe. Kati ya ubavu na ubavu waliokijenga waliacha ukuta wa udongo mweupe, kwa sababu udongo huo unapumua. Masika unakunywa pumzi na jasho la abiria, kiangazi unavirudisha kidogo kidogo, na kituo kinabaki na ubaridi wa mtungi bila mashine yoyote ya hewa. Juu ya kila ubavu kuna bomba la mwanga lililotoboa kilima mpaka kwenye jua. Ikifika saa sita mchana, miviringo ishirini na nne ya jua inatua sakafuni kwa pamoja, na watoto wanaruka kutoka mmoja kwenda mwingine wakingoja treni.

Ila baada ya ubavu wa kumi na moja, kituo kinapinda. Kinapinda ghafla, kama mkono uliokunjwa, halafu kinajirudi. Wenyeji wanapaita Kiwiko. Kwa miaka sitini treni zilifika pale zikatambaa, na abiria wakalaani. Na mlangoni, kwenye kibao cha shaba kinachoeleza historia ya kituo, imeandikwa: *Njia hii ilijengwa bila kupoteza maisha ya mtu hata mmoja. Mkunjo wa Mwakanga ulitokana na kosa la mpimaji wa zamu, Bw. Kondo Pazi.*

Huyo ndiye baba yake Mwamvita. Watu walimwita Kondo Kengeza mpaka akaingia kaburini, na bintiye shuleni aliitwa mtoto wa Kengeza mpaka akaacha kwenda.

"Shikamoo, mtani!"

Mwamvita hakugeuka. Aliitambua sauti. Ni ya Injinia Shija Nkwabi, mwanamke wa miaka kama thelathini, Mnyamwezi wa Tabora, aliyekabidhiwa kumwangalia Mnyooshi. Wiki tatu sasa walikuwa wakitaniana kila asubuhi, kama ilivyo haki ya Mzaramo na Mnyamwezi tangu mababu.

"Marahaba, mla michembe ya viazi vikavu. Babu zako walikuja pwani na mizigo ya watu kichwani. Wewe umekuja na lichuma. Afadhali wale, walikuwa wanatua wakasalimia."

"Na babu zako tuliwakuta wanacheza ngoma, tukarudi baada ya mwaka tukawakuta ngoma ile ile."

"Ilikuwa tamu."

Shija alicheka, kisha akaacha kucheka. Alikuwa na karatasi mkononi, na karatasi siku hizo ilikuwa kitu cha mahakama na vifo tu.

"Mama, leo ndiyo siku. Saa sita kamili Mnyooshi anaingia hapa. Nimeletewa hii nikusomee. Wewe toka na vyombo vyako. Shirika limesema utapewa kazi kituo kipya, ya kukaa tu."

"Kukaa nifanye nini?"

"Ukae."

"Hapiti," Mwamvita alisema, akachota udongo.

"Mama, ni kosa la mita nne. Kosa lenyewe limeandikwa mlangoni. Watu laki sita kwa siku wanapunguziwa mwendo kwa sababu mtu mmoja alishika timazi vibaya."

Hapo ndipo Mwamvita alipogeuka. Alinyoosha mgongo, akamtazama yule binti kwa muda, kisha akamtazama Mnyooshi aliyekuwa amesimama hatua ishirini nyuma yake, kwenye mstari wa njano, midomo yake yote imefumbwa, anangoja saa.

"Lichuma lako hili linajua vitendawili?"

"Linajua vyote vilivyowahi kuandikwa."

"Basi nitalitegea kisichoandikwa. Wee Mnyooshi! Kitendawili!"

"Tega," ilijibu sauti ya upole.

"Mtu wangu yuko ndani, daftarini amesafiri."

Mnyooshi alinyamaza sekunde nzima, na kwa akili mnemba sekunde nzima ni usiku kucha. "Ni mtumishi hewa," alisema.

"Mtumishi hewa hayupo popote. Huyu yupo. Umekosa."

"Ni mdaiwa aliyejificha uvunguni."

Shija alikohoa kuficha kicheko. Mwamvita alitikisa kichwa. "Umeshindwa. Nipe mji."

"Nakupa Mombasa."

"Mombasa siutaki."

"Nakupa Mwanza."

"Mwanza una mawe mengi. Nipe Tabora."

"Nakupa Tabora."

Shija alishtuka kidogo kusikia kwao. Mwamvita alijifuta mikono kwenye kanga, akakaa juu ya beseni tupu aliloligeuza, akaanza kama wanavyoanza wote waliopewa mji, kwa sauti ya kuimba kidogo.

"Nimekwenda Tabora. Nimekaribishwa. Nimekula ugali wa mtama na asali, nikashiba. Nikakuta mama mmoja ameketi kizingitini, anatazama njia. Nikamuuliza, mama, unangoja nani? Akasema, namngoja mwanangu Mhoja, amekwenda pwani kuchimba njia ya treni, nimeambiwa amekwisha ondoka huko, yuko njiani anarudi. Nikamwambia, mama, ingia ndani, jua kali. Mwanao harudi. Mwanao yuko Mwakanga, ndani ya ukuta."

Maji yalisikika yakidondoka mahali.

"Mama, hayo ni ya kitendawili au ni ya kweli?" Shija aliuliza.

"Mhoja Kasanga. Miaka ishirini na mbili. Alikuwa anaimba akichimba. Udongo mweupe ukilowa unavimba, na siku ile ulivimba ukamfunga. Wenzake walichimba siku mbili kwa mikono, kila wakitoa beseni moja yanajaa mawili. Siku ya tatu wakamsikia ameacha kugonga." Mwamvita aliweka kiganja chake ukutani, kwenye nguzo nene iliyo upande wa ndani wa Kiwiko, nene ya kukumbatiwa na watu watatu. "Yuko hapa."

Shija alitoa kioo chake cha mkononi, akaingia kwenye kumbukumbu za ujenzi. Vidole vyake vilikwenda haraka, kisha vikaenda polepole. Akasoma kwa sauti ndogo: "Kibarua namba mia nne kumi na saba. Mhoja Kasanga. Ameacha kazi kwa hiari, amerudi kwao Tabora. Tisa Machi."

"Na mkunjo ulianza kuchimbwa lini?"

"Kumi na tatu Machi."

"Haya."

"Mnyooshi," Shija alisema, "tazama ndani ya nguzo hiyo."

Mnyooshi alikuwa na jicho-mtetemo, jicho linalogonga ukuta taratibu na kusikiliza mgongo wake, kama mnunuzi anavyogonga tikiti maji sokoni. Aligonga. Akasikiliza.

"Kuna nafasi ya mita mbili kwa nusu mita. Imejaa udongo mweupe ulioshindiliwa. Mifupa hakuna. Udongo huu una uchachu. Miaka sitini inatosha kuyeyusha mfupa. Siwezi kusema mtu alikuwepo. Siwezi kusema hakuwepo. Kumbukumbu inasema alirudi kwao. Kazi itaanza baada ya dakika arobaini."

Shija alikaa chini, kwenye ukingo wa jukwaa la abiria, akaning'iniza miguu relini. "Sasa kona ilitoka wapi?" aliuliza. "Kama baba yako hakukosea."

"Wewe Mnyamwezi wa wapi usiyejua?" Mwamvita alimkemea. "Mnyamwezi akifa ugenini, nani wa kumzika? Si mtani wake? Na mtani akifika kaburini anafanya nini?"

Shija alijua. Alikuwa na miaka tisa alipomzika babu yake, na alimwona mzee mmoja wa Kizaramo akiruka ndani ya kaburi, akalala chali, akasema hapazikwi mtu hapa, labda mnikomboe. Watu walicheka wakilia. Wafiwa wakatoa kuku, mzee akatoka, maziko yakaendelea.

"Mama yangu Mwajabu alikuwa mpishi wa wachimbaji," Mwamvita alisema. "Siku ya nne wakubwa wakaamuru mashine iendelee mbele, ipite hapo hapo juu yake, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa amekwisha alikwa na mstari wa kwanza wa kibao umekwisha chongwa, bila kupoteza maisha ya mtu hata mmoja. Mama akashuka na wapishi wenzake sita. Wakalala mbele ya mashine. Wakasema, sisi ni watani wa marehemu, tumeshika njia. Njia ni yetu mpaka wafiwa waje waikomboe. Na wafiwa walikuwa Tabora, wanatazama barabara! Wakalala pale siku mbili. Wakubwa wakashindwa. Wakasema, haya, tutapinda, lakini kifo hakiandikwi. Sasa wakataka sababu ya kupinda. Lazima karatasini paandikwe sababu. Ndipo baba akasema, andikeni nimekosea mimi."

"Akakubali?"

"Akaandika kwa mkono wake. Alikuwa mpimaji mwenye jicho kali kuliko wote Pwani nzima, alikuwa akitazama ukuta anakwambia umelala nywele ngapi. Tangu siku ile hakuitwa kupima hata banda la kuku." Mwamvita alisimama, magoti yakalia. "Sasa mkinyoosha hapa, mtakuwa mmesahihisha kosa. Na baba atakuwa alikosea kweli, milele na milele. Na Mhoja atakuwa amerudi kwao kweli. Nimelinda ukuta huu miaka arobaini kwa kuukandika. Leo nitaulinda kwa mgongo."

Alishuka ngazi ndogo ya mafundi, akaingia relini, akatandika kanga, akalala chali palepale Kiwikoni, mikono kifuani.

Hapo wanawake wengine walikuwa wameanza kuteremka zile ngazi mia moja na themanini. Bi Zena muuza mihogo wa juu ya kituo, na binti zake wawili, na wajukuu wa wale wapishi sita, maana habari ilikwisha pita vilimani tangu jana. Hawakubeba mabango. Walibeba mikeka.

"Sogea, Mwamvita," alisema Bi Zena. "Unalala kama uko peke yako."

Saa sita ikagonga. Miviringo ya jua ikatua sakafuni yote kwa pamoja, mmoja ukamwangukia Mwamvita usoni, akafumba macho. Mnyooshi akafumbua midomo.

"Kuna watu njiani," alisema. "Nitawahamisha bila kuwaumiza."

Kutoka ubavuni mwake ikatoka mikono laini, minene kama mito ya kulalia. Ilitengenezwa baada ya malalamiko mengi ya miaka iliyopita, ili mashine imwondoe mtu bila kumwachia hata mchubuko. Ilimwinua Mwamvita kama mama anavyomwinua mtoto aliyesinzia, ikamweka juu ya jukwaa. Mwamvita akashuka, akalala tena. Ikamwinua. Akashuka, akalala. Ikawainua wanawake tisa kwa zamu, na wa kwanza alikuwa amekwisha rudi kabla wa tisa hajawekwa chini.

"Inatekenya!" alipiga kelele binti mmoja wa Bi Zena, na kicheko kikajaa kituoni mpaka mbavu za zege zikaitika.

Lakini Mwamvita hakucheka mara ya nne. Pumzi ilikuwa inamwishia. Kila akiteremka ngazi ile, goti la kulia lilikataa, na Mnyooshi hakuchoka hata kidogo. Angeweza kufanya hivyo mwezi mzima kwa sauti ile ile ya upole. Mara ya tano aliteremka kwa makalio, ngazi moja moja, kama mtoto mchanga. Akafika, akalala. Machozi yalimtoka pembeni, akayaacha yaende.

Kioo cha Shija kikaita. Alikuwa Mkurugenzi wa Shirika la Njia za Chini, Bwana Fulgence Rweyongeza, uso wake umejaa kioo kizima.

"Injinia, naona kazi imesimama."

"Kuna watu, mkuu."

"Nawaona. Amuru mikono iwashikilie juu, isiwaachie mpaka mashine ipite. Ni dakika kumi tu. Tumbili nao hushikiliwa hivyo hivyo, hawaumii."

Shija aliutazama ule uso. Kisha akamtazama Mwamvita aliyelala na beseni lake tupu kando, na nguzo nyuma yake, nyeupe, ikiwa na alama za viganja vya miaka arobaini.

Ilikuwapo sheria moja nchini, Sheria ya Misiba. Iliwekwa zamani, baada ya mashine fulani kulima makaburi ya kijiji kizima kwa sababu ramani haikuyaonyesha. Sheria ilisema: mashine yoyote, iwe juu ya ardhi au chini yake, mfiwa akitamka mbele yake kwamba hapa pana msiba, itasimama, na haitaondoka hapo kwenda mbele mpaka matanga yaanuliwe. Lakini mfiwa lazima aweke kidole chake, aandikishe kifo kwa jina lake. Akionekana amedanganya, hatakabidhiwa mashine tena maisha yake yote. Na Shija alikuwa amesoma miaka kumi na tisa ili akabidhiwe mashine.

Alishuka relini. Hakutumia ngazi, aliruka.

"Mnyooshi. Hapa pana msiba."

"Nani amefiwa?"

"Mimi."

"Marehemu ni nani?"

"Mhoja Kasanga, Mnyamwezi wa Tabora. Amekufa tisa Machi, miaka sitini iliyopita, akichimba njia hii."

"Ni ndugu yako kwa nani?" Sauti ya Mnyooshi haikuwa na ubishi ndani yake, ilitaka kujua tu. "Kumbukumbu hazionyeshi undugu. Mifupa haipo. Ukiandikisha, na mahakama ikikataa, leseni yako itafutwa. Ni wajibu wangu kukuonya."

"Shija!" alifoka Mkurugenzi kutoka kiooni. "Usiweke kidole! Unanisikia?"

"Watani wake wako hapa wamelala kaburini mwake," Shija alisema. "Hakuna mtani anayelala kaburini pasipokuwa na mfiwa. Kama wao wamekuja na kwao Mhoja hajaja mtu, aibu ni yetu Wanyamwezi. Nimekuja mimi. Niandike."

Akabonyeza kidole kwenye bamba la shaba kifuani mwa Mnyooshi.

Midomo mia mbili na arobaini ikafumba, mmoja baada ya mwingine, kutoka kulia kwenda kushoto. Mikono laini, iliyokuwa imemshika Bi Zena hewani, ikamshusha taratibu mpaka kwenye mkeka wake. Joto la tumboni mwa mashine likaanza kupoa, bati zikawa zinalia tik, tik, kama paa la nyumba jua likizama.

"Pole kwa msiba," alisema Mnyooshi.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mwamvita alijiinua kwa kiwiko, akamwangalia Shija aliyesimama pale na kidole chake bado hewani. Mtu mwingine angesema asante. Lakini mtani hashukuru msibani, hiyo si kazi yake.

"Unasimama simama nini?" alimkaripia. "Mfiwa gani huyo macho makavu? Kaa chini ulie! Miaka sitini mmetuachia maiti yenu, tumeikandika, tumeifagilia, hata michembe hamkuleta!"

Shija akakaa chini kwenye mkeka wa Bi Zena, na mara akalia kweli, kilio kikubwa cha Kinyamwezi, na wanawake wakampokea kwa sauti zao. Kilipanda na mabomba ya mwanga mpaka juu kilimani, hata waliokuwa wanapita barabarani wakasimama, wakavua kofia, wakauliza nani amekufa.

Kioo kilikuwa bado kinawaka kwenye kokoto za reli. Bwana Rweyongeza hakuwa anafoka tena. Yeye pia aliwahi kufiwa, na sheria aliijua.

"Injinia," alisema, "leseni yako tutaonana mahakamani. Na kibao cha mlangoni tutakijadili huko huko. Sasa niambie jambo moja, nijue la kuwaeleza wakubwa. Matanga haya yataanuliwa lini?"

Shija alimwangalia Mwamvita. Mwamvita aliokota kile kioo kwa mikono yake myeupe ya udongo, akakileta karibu na uso wake mpaka Mkurugenzi akarudi nyuma kidogo kwenye kiti chake huko mjini.

"Matanga ya Mnyamwezi huanuliwa na mtani wake, baba," alisema. "Na mtani bado sijashiba."